KAMBA WAMEKWISHA AU WAPO? TUHESABU PAMOJA

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wahitimu wa kisomo, wavuvi na akina mama wauza kamba katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji. Tumeyaandika hapa ili na wengine wayasome na kuyajadili katika vikundi vyao.

  

Leo hatukuja kufundisha a, e, i, o, u. Hizo mmekwisha kuzishinda, na vyeti mnavyo. Leo tumekuja na swali moja tu. Swali lenyewe mnalisikia kila siku pale pwani penye mitumbwi. Kamba wamekwisha au wapo?

Mvuvi akirudi na ndoo tupu husema, "Kamba wamekwisha." Kesho yake akirudi na ndoo mbili husema, "Wapo tele, Mungu mkubwa." Mwenye meli naye ana jibu lake. Afisa uvuvi, ambaye wengi bado tunamwita Bwana Samaki, naye ana jibu lake. Kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo kweli. Sasa je, tumsadiki nani?

Kabla ya kujibu, sisi wa elimu ya watu wazima tuna deni mbele yenu. Afadhali tuanze na hilo.

KOSA LETU

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kingine cha delta hii, tuliwapa wahitimu wetu kazi. Tuliwaambia waandike kilo za kamba zinazopimwa pwani kila siku. Waliifanya kazi hiyo vizuri sana. Mwaka wa pili ulipokwisha tulikaa tukajumlisha. Jumla ya mwaka wa pili ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka wa kwanza. Tulifurahi. Tulisimama katika mkutano wa kijiji tukasema, "Ndugu zetu, daftari limesema. Kamba wanaongezeka."

Watu walipiga makofi. Kijana mmoja, mhitimu wetu hodari, alikwenda akakopa fedha katika chama chao cha kuweka na kukopa. Akanunua mtumbwi na nyavu mpya. Msimu uliofuata hakupata hata nusu ya kile alichotegemea. Akaziuza nyavu ili alipe deni, na bado deni halikwisha. Kijana yule hakututukana. Alituuliza tu kwa heshima, "Walimu, kumbe daftari nalo husema uongo?"

Ndugu wanakisomo, daftari halikusema uongo. Sisi ndio tuliolisoma vibaya. Tuliandika kilo, lakini hatukuandika mitumbwi. Na mwaka ule wa pili mitumbwi ilikuwa imeongezeka sana. Watu walikuja hata kutoka vijiji vya mbali wakaweka dago. Kamba hawakuongezeka. Walioongezeka ni wavuaji.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumejifunza kwa uchungu kwamba hata mali yenye daftari inaweza kupotea, kama daftari lenyewe halina safu zote zinazotakiwa.

HESABU YA KWANZA: KILO KWA KILA SAFARI

Hebu tufanye hesabu ubaoni. Huu ni mfano tu, siyo hesabu ya kijiji fulani.

Tuseme mwaka wa kwanza kijiji kina mitumbwi 5. Katika mwezi mmoja kila mtumbwi unatoka mara 20. Hizo ni safari 100. Kamba waliopimwa ni kilo 400.

Mwaka wa pili mitumbwi ni 10. Safari ni 200. Kamba waliopimwa ni kilo 600.

Mwaka wa tatu mitumbwi ni 15. Safari ni 300. Kamba waliopimwa ni kilo 600 vilevile.

Ukitazama kilo peke yake unaona 400, 600, 600. Utasema mambo ni mazuri, mavuno yalipanda na sasa yametulia. Lakini sasa gawanya kilo kwa safari. Mwaka wa kwanza kila safari ilileta kilo 4. Mwaka wa pili kila safari ilileta kilo 3. Mwaka wa tatu kila safari ilileta kilo 2.

Mmeona? Jumla inapanda, lakini mkono wa kila mvuvi unazidi kuwa mtupu. Hii ndiyo hesabu ya kwanza wanayoifanya wataalamu wa bahari popote duniani. Hawaulizi kwanza, "Mmepata kilo ngapi?" Wanauliza, "Mmepata kilo ngapi kwa kazi kiasi gani?" Kwa mtumbwi kazi ni safari. Kwa meli kazi ni saa ambazo wavu ulikuwa chini ukikokotwa. Meli mbili zinaweza kuleta kilo sawa, lakini moja ilikokota saa 4 na nyingine ilikokota saa 10. Hizo siyo habari moja.

HESABU YA PILI: MAFUNGU YA MAMA MMOJA

Baada ya kosa lile tulirudi katika kijiji kile tukaomba radhi. Baada ya mkutano mama mmoja, anayekaanga kamba na kuwauza kwa mafungu, alitusimamisha njiani. Akasema, "Walimu, samahani. Mimi kilo zenu sizijui. Lakini fungu langu nalijua. Zamani niliweka kamba watano, fungu likajaa. Sasa naweka kumi na wawili na mteja bado ananuna. Mngeniuliza mimi mapema ningewaambia."

Tulinyamaza. Mama yule alikuwa amefanya utafiti bila kalamu. Alikuwa anapima ukubwa wa kamba.

Wataalamu nao hufanya hivyohivyo, ila wao wana kifaa. Humshika kamba mmoja mmoja na kupima gamba la kichwani, kuanzia kwenye tundu la jicho mpaka mwisho wa gamba mgongoni. Hawapimi mpaka mkiani, kwa sababu mkia hujikunja na pembe ya mbele huvunjika. Wanaandika milimita. Wanaandika dume au jike. Jike wanamtazama mgongoni, kwani jike aliyekomaa mayai yake huonekana kupitia ganda, yakiwa na rangi ya kijani. Wakipima kamba mamia na maelfu wanaweza kujua wavu unaleta wazazi au unaleta watoto.

Sisi hapa hatuna kifaa hicho, lakini tuna mizani. Pima kilo moja, kisha hesabu kamba walio ndani. Wakiwa 40, hao ni wakubwa. Wakiwa 200, hao ni watoto. Biashara ya kamba duniani kote hupanga bei kwa njia hiyo hiyo, kwa kuhesabu kamba wangapi wanaingia katika uzito fulani. Basi kipimo hiki ni chetu pia.

MAISHA YA KAMBA NI MAFUPI

Sasa, ili tuelewe hesabu hizi maana yake nini, lazima tuyajue maisha ya kamba mwenyewe. Tunasema habari za hawa kamba wakubwa wa baharini, wale weupe ambao ndio wengi katika nyavu zetu, na wale wakubwa wenye miraba mwilini. Hatusemi habari za uduvi.

Kamba jike hutaga mayai baharini, siyo kwenye mikoko. Jike mmoja huweza kutaga mayai laki kadhaa. Mayai huanguliwa baada ya muda usiofika hata siku mbili. Vitoto vyake ni vidogo mno, jicho halivioni vizuri. Vinaelea na maji, vinabadilika umbo mara nyingi. Baada ya majuma mawili matatu vinakuwa vikamba vya urefu wa kama sentimeta moja, na hapo maji ya kujaa huvileta mpaka huku kwetu, kwenye mito na mikoko.

Mikoko ndiyo shule yao ya vidudu. Humo wanapata chakula na mahali pa kujificha kati ya mizizi. Wanakaa miezi michache, wanakua. Mvua kubwa zikija na mto ukifurika, wanatoka kwenda baharini. Huko wanakomaa, wanataga na wanakufa. Maisha yote hayo hayazidi sana mwaka mmoja na nusu.

Sasa angalieni jambo hili. Kamba siyo mnazi, kwamba ukishaupanda utakula wewe na mjukuu wako. Kamba ni kama mpunga. Ni zao la mwaka. Kila mwaka unavuna waliozaliwa karibuni. Jambo hilo lina uzuri wake na ubaya wake.

Uzuri ni kwamba ukiwaacha wazazi wa kutosha na mikoko ikiwa mizima, kamba hurudi upesi. Ubaya ni kwamba huna akiba ya miaka mingi. Mwaka mmoja ukiharibika, mwaka unaofuata unaona njaa.

Ndiyo maana pia mvua ina neno. Mwaka wa mvua nyingi kamba huonekana wengi. Mwaka wa ukame hupungua, hata kama wavuvi hawakuongezeka. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mwaka huu wamepungua, basi tumewamaliza," mwulize kwanza, "Na mvua ilikuwaje?"

MPISHI HAONJI SUFURIA NZIMA

Mzee mmoja alituuliza, "Lakini bahari ni kubwa na maji yake ni machafu ya tope. Mtu atawahesabuje kamba asiowaona?" Swali zuri sana.

Mama anapopika pilau ya shughuli haonji sufuria nzima. Anachota kidogo huku, kidogo kule, chini na juu. Akishaonja anajua chumvi imekolea au bado. Lakini akionja upande mmoja tu anaweza kudanganyika.

Wataalamu nao huionja bahari. Hugawa eneo la uvuvi katika vipande, karibu na pwani na mbali na pwani, kaskazini na kusini. Katika kila kipande wanakokota wavu kwa muda uliopangwa, kwa mwendo uliopangwa. Halafu wanafanya hesabu ambayo mkulima yeyote anaielewa.

Tuseme mdomo wa wavu una upana wa mita 20. Meli inakokota saa moja, ikienda kilomita 5 na nusu. Basi wavu umefagia shamba la mita 20 kwa mita 5,500. Zidisha. Unapata mita za mraba 110,000, yaani hekta 11, au ekari kama 27. Ikiwa humo wamepatikana kamba kilo 22, basi kila hekta ilitoa kilo 2. Kama eneo lote la uvuvi ni hekta 10,000, kadirio ni kilo 20,000, yaani tani 20.

Hilo ni kadirio, siyo hesabu ya mwisho. Kamba wengine hujifukia kwenye tope, wengine huruka wavu. Lakini ukifanya hivyo kila mwaka, wavu ule ule, miezi ile ile, mahali pale pale, utaona wanapanda au wanashuka. Siri ya kazi hii ni kufanya jambo lile lile kwa njia ile ile, bila kuchoka.

Hapa kwetu kazi hiyo ni ya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Watu wake wakifika hapa na mizani na vifaa vyao, msiwakimbie mkidhani wamekuja kutoza kodi. Wapeni habari za kweli.

YALIYOTOKEA KATI YA 2003 NA 2007

Meli za kukokota nyavu zilivua kamba katika pwani yetu kwa miongo kadhaa. Maeneo yake makubwa yalikuwa Bagamoyo na Saadani, penye midomo ya Wami na Ruvu, na hapa Rufiji, mpaka kuelekea Kilwa. Palikuwa na miezi ya kufunga uvuvi huo, kuanzia Desemba, ili kamba wapumue.

Mwaka 2003 meli zilileta zaidi ya tani 1,000 za kamba. Mwaka 2007 zilileta kama tani 200 tu. Fikirini. Magunia matano kuwa gunia moja, na kwa muda wa miaka minne. Serikali ikasimamisha uvuvi wa kamba kwa meli, na ukabaki umesimamishwa kwa miaka mingi.

Wenzetu wa Kenya nao walikuwa na mambo kama hayo huko Ghuba ya Ungwana, mahali Mto Tana unapoingia baharini. Wavuvi wadogo walilalamika kwamba meli zinakatakata nyavu zao na kuzoa vitoto vya samaki. Mwaka 2006 meli zikasimamishwa. Ziliruhusiwa tena mwaka 2011, baada ya kuandikwa mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba.

Kufunga ni dawa kali. Wapo waliokosa kazi melini na viwandani. Nchi ilikosa fedha za kigeni. Ndiyo maana ni bora kuujua ugonjwa mapema, wakati dawa ndogo bado inatosha. Mgonjwa anayepimwa mapema hupewa vidonge. Anayechelewa hulazwa.

GHALA MOJA, MILANGO MIWILI

Sasa tuseme lile ambalo wengine hawapendi kulisikia.

Wavuvi wadogo wanasema, "Meli ndizo zilizomaliza kamba." Wenye meli wanasema, "Wavuvi wadogo wanavua watoto kwa juya na vyandarua ndani ya mikoko." Nani mkweli?

Wote wawili wana sehemu ya kweli. Kumbukeni maisha ya kamba. Meli iko baharini, inachukua wakubwa, wale wazazi. Mtumbwi uko mtoni na kwenye mikoko, unachukua wadogo kabla hawajatoka. Ni ghala moja lenye milango miwili. Mwenye mlango wa mbele hamwoni mwenye mlango wa nyuma, lakini mtama unaotoka ni ule ule.

Kwa hiyo magonjwa ya kamba ni mawili. Ugonjwa wa kwanza ni kuvuna wangali watoto. Tufanye tena hesabu ya mfano. Kamba 200 wadogo wa gramu 5 ni kilo moja. Ukiwaacha miezi michache, tuseme nusu yao wanaliwa na samaki. Wanabaki 100. Lakini sasa kila mmoja ana gramu 25. Hao 100 ni kilo 2 na nusu. Nusu wamekufa, na bado una kilo nyingi kuliko mwanzo. Tena hao wakubwa bei yao ni nyingine kabisa. Aliyewavuna kwa chandarua hakuiba kwa jirani tu. Alijiibia mwenyewe.

Ugonjwa wa pili ni kumaliza wazazi. Huu ni sawa na mkulima anayekula mbegu. Hata mvua ikija nzuri namna gani, hana cha kupanda. Ugonjwa huu ni mbaya kuliko ule wa kwanza, na unakuja kimyakimya.

Tukiongeza na kukata mikoko, hapo tumebomoa na shule yenyewe. Watoto wataletwa na maji, watakosa mahali pa kukaa.

MITEGO YA HESABU

Tumewaambia kwamba tulidanganyika mara moja. Hatutaki kudanganyika tena, nanyi msidanganyike. Kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza: vifaa kubadilika. Mvuvi aliyekuwa na wavu mfupi akinunua mrefu, au akifunga mashine kwenye chombo, kilo kwa safari zitapanda hata kama kamba wanapungua. Basi andika na badiliko la chombo.

Mtego wa pili: kamba kukusanyika. Kamba hupenda kukaa pamoja mahali penye tope zuri. Mvuvi mjuzi atawakuta palepale na kujaza ndoo, wakati sehemu nyingine zote zimekuwa tupu. Ndoo yake itasema "wapo" mpaka siku ile ya mwisho. Ndiyo maana wataalamu huonja hata mahali ambapo hawategemei kupata kitu.

Mtego wa tatu: kuandika uongo. Nahodha anaweza kuandika pungufu katika daftari la meli. Mvuvi mdogo anaweza kuuza usiku bila kupima. Kila kilo isiyoandikwa ni jiwe linaloondolewa kwenye mizani. Kwa meli, dawa yake ni kupanda msimamizi anayeandika kila wavu unapopandishwa, pamoja na samaki wanaotupwa. Kwa sisi wa mitumbwi, dawa ni uaminifu na kuangaliana sisi kwa sisi.

DAFTARI LETU JIPYA

Sasa tufanye nini? Tunawaomba mfungue daftari. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 mna haki ya kuwa na kikundi cha kusimamia rasilimali za pwani yenu, ambacho wengi wanakiita BMU. Kikundi hicho kimchague mhitimu mmoja wa kisomo, mwanamume au mwanamke, akae penye mizani. Achore safu hizi:

1. Tarehe, na maji ni ya bamvua au maji mafu.
2. Chombo gani, na watu wangapi ndani yake.
3. Nyavu gani: kimia, juya, wando au nyingine. Matundu yake ni makubwa au madogo.
4. Saa walizokaa wakivua.
5. Kilo za kamba walizopata. Asiyepata kitu aandikwe sifuri.
6. Kamba wangapi katika kilo moja.
7. Mvua: imenyesha au haikunyesha, mto umejaa au umepungua.

Safu ya tano ina neno la kukumbuka: sifuri. Wengi huona aibu kuandika sifuri. Wanaona kama ni kumwaibisha mvuvi. Lakini safari iliyorudi mtupu ni habari kubwa kuliko ndoo iliyojaa. Ukiificha, hesabu yote inakuwa tamu kama asali, na ni ya uongo.

Safu ya saba nayo msiidharau, hasa ninyi wa Rufiji. Desemba 2022 maji ya mto huu yalianza kujazwa katika Bwawa la Julius Nyerere. Umeme ni wetu sote na tunauhitaji. Lakini kamba wanafuata mafuriko, na bwawa hupanga maji yatoke lini na kiasi gani. Je, kamba watabadilika au hawatabadilika? Hilo halijibiwi kwa kuapa. Linajibiwa na mwenye daftari la miaka mingi, aliyeandika mvua na mto pamoja na kilo.

Kila mwisho wa mwezi gawanyeni kilo kwa safari. Hesabuni wastani wa kamba katika kilo. Andikeni namba hizo mbili kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kila mtu azione. Namba ya kwanza ikishuka mwaka hata mwaka, na ile ya pili ikipanda, na mvua ilikuwa ya kawaida, basi jueni mgonjwa ana homa. Mwiteni Bwana Samaki mapema. Siku mkikaa naye, au na wenye meli, au na wakubwa wa wizara, msiende na kelele. Nendeni na daftari. Kelele hujibiwa kwa kelele. Daftari hujibiwa kwa daftari.

MWISHO

Yule kijana aliyepata hasara bado tunamtembelea. Deni lake hatukuweza kulifuta, nasi hatutajisifu kwamba tumelipa. Ila mwaka huu wenzake wamemchagua kuwa mwandishi wa daftari jipya la kijiji chao. Tulipomwuliza kwa nini amekubali, alisema, "Mimi najua bei ya safu moja iliyosahauliwa."

Na yule mama wa mafungu? Yeye ndiye anayehesabu kamba wa kilo moja. Mwandishi anaandika, mama anahesabu. Hakosei.

Ndugu wanakisomo, swali letu lilikuwa: kamba wamekwisha au wapo? Sisi hatutawajibu leo. Tukiwajibu tutakuwa tumerudia kosa lile lile la kusimama mbele yenu na jibu lisilo na safu zote. Jibu litaandikwa hapa pwani, kwa mikono yenu, mwezi kwa mwezi. Kusoma na kuandika mnajua. Kugawanya mnajua. Kamba mnawajua kuliko sisi.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini jumla ya kilo peke yake inaweza kumdanganya mtu?
2. Mtumbwi mmoja ulitoka mara 18 ukapata kilo 54. Mwingine ulitoka mara 24 ukapata kilo 60. Upi ulipata zaidi kwa kila safari?
3. Katika kijiji chenu, nani anachukua kamba wadogo na nani anachukua wakubwa? Je, mmewahi kukaa pamoja?
4. Pimeni kilo moja ya kamba leo mhesabu wamo wangapi. Waulizeni wazee: zamani wangekuwa wangapi?
5. Nani katika kikundi chenu anafaa kuwa mwandishi wa daftari, na mtamsaidiaje asichoke?